Saa Saba ya Maskati

(Maneno haya niliyasema Tanga, mbele ya vijana waliokuwa wanahitimu mafunzo ya ufundi na wazazi wao. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimeondoa tu pale nilipokohoa na pale kipaza sauti kilipokatika.)

Asalaam alaykum. Wakubwa wangu shikamooni. Wanangu, hamjambo?

Mkuu wa chuo kaniomba niseme kuhusu fursa za ajira nje ya nchi. Nje ya nchi ni kukubwa mno kwa mtu mmoja kukusimulia, kwa hiyo mimi nitasema Omani tu. Ndiko nilikokaa miaka tisa, kuanzia Juni 2012 hadi 2021, nikitengeneza viyoyozi Maskati.

Kabla sijaendelea, kuna karatasi mbili nazipitisha. Zianze hapa mbele kwa mama mwenye kitenge cha kijani. Moja ni ya Kiingereza, nyingine ya Kiarabu. Zote zina jina langu, zote zina saini yangu. Tazameni, mpe jirani, zipite taratibu, maana sina nakala nyingine.

Haya. Nani hapa ana ndugu yake Omani? Inueni mikono. Mama yangu, hata safu ya walimu! Mji wetu umeimbwa waja leo waondoka leo, na sisi tukacheka tukidhani wanasemwa wageni. Kumbe tunasemwa wenyewe.

Wala safari hii haikuanza na sisi. Babu zetu waliyaona majahazi ya Wamanga, Waarabu wa Omani, yakishuka na kaskazi, yamebeba tende, chumvi na papa mkavu. Kusi ikivuma yanapanda na boriti za mikoko za Rufiji, kwa sababu kule miti ya kuezekea nyumba hakuna. Kwenye miaka ya 1840 Seyyid Said alikuwa ameshahamisha makao yake kutoka Maskati kuja Unguja. Sultani mzima! Aliona huku kuna maisha. Mafuta walianza kuyauza nje mwaka 1967, na Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970, Omani yote ilikuwa na shule tatu na barabara ya lami isiyozidi kilomita kumi hivi. Wazee mliopo hapa mnawakumbuka Wamanga wenye vijiduka vya mafuta ya taa na sukari ya kupima. Leo foleni imegeuka, sisi ndio tunaopanga mstari. Nawaambia haya ili mtakaokwenda msiende mmeinamisha vichwa. Ni mlango wa zamani, ila siku hizi watu wanaupita kwa upande wa pili.

Na mtakuta Kiswahili. Baada ya 1970 walirudi wengi waliozaliwa Unguja, Pemba, na huku bara, wakarudi na lugha yao. Mimi mwezi wangu wa pili niliingia duka moja Mutrah kununua kofia ya jua. Mzee mwenye duka akaniangalia, akauliza, "Wewe wa wapi, kijana?" Nikamwambia Tanga. Akasema yeye kazaliwa Pangani. Swali lake la kwanza lilikuwa pantoni ya Bweni, kama bado inavuka. Hakuuliza siasa wala bei ya mchele. Kofia akanipunguzia nusu riyali na kahawa akanipa bure.

Sasa tuje kwenye jua, maana vijana wengi mnaniuliza habari za kule mkiwa mmeona picha. Bahari ya buluu, nyumba nyeupe tupu, milima nyuma yake, mtu kavaa miwani. Picha si ya uongo. Bahari ipo, na kwa uzuri haishindwi na yetu. Lakini mtu wa Tanga hana sababu ya kupanda ndege kufuata bahari na jua, Raskazone hakutozwi viza. Kule unafuata kazi. Na mwenye kazi na mwenye picha hawaoni jua moja.

Jua la Juni Maskati linapita nyuzi 40, na siku nyingine linakaribia 50. Unyevu wa bahari ukichanganyika nalo, shati unalivaa kavu mlangoni, ukifika kituo cha basi ni la kukamua. Spana ukiisahau juu ya paa dakika kumi huishiki tena bila kitambaa. Nitawapa kipimo kingine, mafundi bomba mtanielewa. Matangi ya maji yako juu ya paa. Kiangazi, bomba la maji baridi linatoa maji ya kuchemshia chai. Watu wanafanyaje? Wanazima umeme wa hita ya bafuni, maji yanakaa mle ndani ya nyumba kivulini yanapoa, kisha wanafungua bomba la maji moto ndiyo waoge maji baridi. Wiki ya kwanza hakuna aliyeniambia. Niliungua mgongo.

Ila jua hilo hilo ndilo lililonilisha. Pasipo nyuzi 45, nani anamhitaji fundi kiyoyozi? Kule kiyoyozi kikizima usiku nyumba nzima inahamia kwa jirani. Simu inalia saa nane usiku, na ukifika unapokelewa kama daktari. Ndiyo maana nawaambia wenye ufundi mkononi, hasa umeme, majokofu, uchomeleaji: mna kitu kinachotakiwa. Wenzetu wameweka sera ya kuwapa wananchi wao kazi kwanza, na kila mara orodha ya kazi ambazo mgeni haruhusiwi inaongezwa. Usiende na ndoto ya kukaa ofisini.

Nina kisa. Nilifika Juni, tukalala, kesho yake ikawa mapumziko. Jioni msimamizi akaja kambini. Kiarabu changu wakati ule ni cha msikitini tu. Akanionyesha jengo la ng'ambo ya barabara, akasema kesho, kazi, "as-saa sab'a". Nikafurahi kweli. Nikasema lugha si ngumu hii, saa saba nimesikia mwenyewe! Nikalala fofofo. Asubuhi nikafua, nikaandika barua, nikala. Saa sita na nusu nikaanza kutembea, jua la utosi, begi la spana begani, ili saa saba kamili niwe mlangoni.

Nikakuta watu wamelala kwenye sakafu, wamejifunika vitambaa usoni. Kumbe kule sheria inazuia kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, miezi ya Juni, Julai na Agosti. Watu walikuwa wamefika kazini tangu asubuhi, wamepiga kazi, sasa wamepumzika. Na mimi nilikuwa nasubiriwa tangu saa moja. Maana sab'a yao ni saba kweli, lakini wao wanahesabu saa kama ilivyoandikwa kwenye uso wa saa. Saba yao ni saa moja yetu ya asubuhi. Nilikatwa siku.

Mnacheka. Chekeni, nami siku hizi nacheka. Ila cha saa saba kilikuwa kidogo. Tazameni ile karatasi ya Kiarabu, imefika wapi? Safu ya tatu? Mwenye nayo, hebu soma mstari wa nne kutoka juu, kama umepita chuoni kwa maalim. Sauti, mwanangu. Ehe. "Aamil tandhif." Hongera, umesoma vizuri kabisa, hata mimi nilisoma hivyo hivyo.

Sikilizeni ilivyokuwa. Dar es Salaam nilitia saini ile ya Kiingereza. Imeandikwa fundi viyoyozi, riyali 180 kwa mwezi. Riyali ile imefungwa kwenye dola, ni zaidi kidogo ya dola mbili na nusu, haichezi. Kwa shilingi ya mwaka 2012 ilikuwa elfu nne na ushee, kwa hiyo nilihesabu laki saba na zaidi, kodi ya mshahara hamna, malazi ya mwajiri. Dalali nilimlipa kwa kuuza pikipiki yangu. Simtaji, na alipo hata mimi sipajui. Nilipofika Maskati nikapewa ile ya pili, wakaniambia ni tafsiri ya ile ya kwanza kwa ajili ya serikali yao, tia saini hapa.

Mimi msahafu nimehitimu nikiwa na miaka kumi na mbili. Herufi nazijua. Nikaisoma kwa sauti mbele ya karani, irabu zote mahali pake, nikaona fahari, nikatia saini. Kusoma nilisoma. Na neno lilikuwa linanitazama usoni. Tandhif! Sisi tunasema mtu nadhifu, tunasema unadhifu. Aamil tandhif ni mfanyakazi wa usafi, mfagiaji. Riyali 120.

Mtasema, jina tu hilo, si kazi ilikuwa ni ile ile? Kazi ilikuwa ile ile, hapo ndipo penye sumu. Jina hilo ndilo lililokuwa kwenye viza, na kutoka kwenye viza likaenda kwenye bataka, kadi yako ya ukaazi. Kule unaruhusiwa kumfanyia kazi mwajiri aliyekuleta, kwa kazi iliyoandikwa. Basi mimi napanda juu ya mapaa nabadili kompresa, mshahara wa fagio. Nikienda kulalamika naanza kwa kukiri kwamba nafanya kazi isiyo yangu. Nikitaka kuhama, enzi hizo ilitakiwa barua ya mwajiri ya kukuruhusu, na barua haitoki. Miaka miwili nilikuwa mfagiaji anayejua gesi za majokofu. Nilipomaliza ule mkataba ndipo msimamizi, Mhindi mmoja muungwana sana, akanisaidia barua ikapatikana, nikahama na bataka ikasomeka fundi. Nikaanza na 210.

Mambo yamebadilika na lazima niseme haki. Tangu Januari 2021 anayemaliza mkataba wake anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ile barua. Mwaka 2023 wakatoa sheria mpya ya kazi: saa nane kwa siku, siku mbili za mapumziko kwa wiki, likizo ya mwaka yenye malipo, na kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi kwa kila mwaka uliotumika. Mshahara unatakiwa upite benki ili uonekane. Kuhusu kodi, wametunga ya mapato itakayoanza 2028, lakini inamgusa anayepata zaidi ya riyali 42,000 kwa mwaka. Mkiifikia hiyo, niiteni niwabebee begi.

Lakini sheria hiyo nzuri yote inakwenda kwa jina la kazi. Na wapo wasiotajwa humo kabisa. Hapa nawageukia mabinti, na nyie mama zangu mnaowapeleka.

Kazi za ndani hazimo katika ile sheria. Wana kanuni zao pembeni. Sisemi kila nyumba ni mbaya. Nimeona nyumba ambazo dada wa kazi alikaa miaka kumi na mbili, wenye nyumba wakamwozea hata mwanawe. Ila ndani ya nyumba hakuna saa ya kutoka kazini, na mlango ni wa mwenye nyumba.

Mwaka 2015 niliitwa nyumba moja ya ghorofa mbili karibu na bahari, kiyoyozi cha jikoni kinavuja maji. Nimepanda ngazi, nimevua kifuniko, nasafisha filta. Chini yangu kuna binti anaosha vyombo, kanipa mgongo. Alinijuaje? Begi langu la spana lilikuwa na kipande cha khanga nilichofungia bisibisi, chenye maandishi ya Kiswahili. Nasikia sauti ndogo, bila kugeuka: "Kaka, shikamoo. Unatoka wapi?" Nikamjibu marahaba, Tanga. Mikono ikasimama kwenye maji. Akasema, "Machungwa yameanza Muheza?"

Ilikuwa Mei. Nikamwambia yameanza, mengine yako barabarani. Akaendelea kuosha. Kidogo kidogo, kati ya sahani na sahani, akanieleza kwamba ana mwaka na miezi minne. Simu alichukuliwa akiwa na wiki moja. Pasipoti hajaiona tangu uwanja wa ndege. Bahari anaiona akipanda juu kuanika nguo. "Iko pale," akasema, "naiona tu. Sijaigusa." Mtoto wa Muheza, kavuka bahari nzima, kaikosa.

Niliandika namba ya ubalozi wetu kwenye kipande cha boksi la filta, nikakisukuma nyuma ya jokofu, nikamwonyesha kwa jicho. Ubalozi tunao, Maskati hapo hapo. Miezi mitano baadaye niliitwa tena nyumba ile. Aliyefungua alikuwa dada wa Kifilipino. Sikuweza kumuuliza, na mwenye nyumba sikuthubutu. Nilichungulia nyuma ya jokofu. Kile kipande hakikuwepo.

(Hapa nilikunywa maji.)

Sasa ya kufanya. Pasipoti ni ya Uhamiaji, shilingi 150,000, unapata kwa jina lako na inabaki yako. Toa nakala tatu: moja iache kwa mama, moja weka begini, moja kwenye simu. Wakala anayekupeleka lazima awe na leseni ya Kamishna wa Kazi. Mwambie akuonyeshe leseni, na usitosheke na kadi yake ya biashara. Kuna ofisi ya serikali ya huduma za ajira, TaESA, waulizeni, ni bure kuuliza. Atakayekwambia nenda kwa viza ya matembezi utabadilisha huko huko, muage kwa heshima uondoke. Na atakayekuficha jina la mwajiri, au akutake usiwaambie wazazi, huyo si dalali tena. Tuna sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, na hao ndio waliotungiwa.

Mkataba wa Kiarabu usitie saini mpaka umeupeleka kwa mtu anayekielewa Kiarabu. Sijasema anayekisoma. Tanga wanaosoma ni nusu ya mji. Ukiwa na jina la kazi mkononi, mwambie maalim akupe maana ya hilo neno moja, mengine yatafuata.

Pesa nitaipita haraka kwa sababu inaniudhi. Nilinunua kiwanja Pongwe, nikamkabidhi mdogo wangu ujenzi. Kila mwisho wa mwezi natuma, na kila mwisho wa mwezi napokea picha ya matofali. Yanaongezeka kweli, naona rundo kutoka kushoto, naona kutoka kulia, naona jioni. Mwaka wa pili mke wangu ndiye aliyegundua: tofali moja limevunjika kona, na lipo katika kila picha. Rundo lilikuwa moja, mpiga picha ndiye aliyekuwa anazunguka. Mdogo wangu yuko hapa leo, kakaa kule nyuma, tulishapatana, na picha anajua kupiga.

Kosa langu kubwa zaidi halikuwa yeye. Miaka tisa sikuweka hata shilingi moja kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Kule hakuna anayekuchangia uzee wako wa huku. NSSF wanapokea michango ya hiari, na mtu aliyekuwa anatuma riyali 70 kila mwezi angeweza. Sikujua, na sikuuliza. Nilirudi na kiinua mgongo, seti moja ya vipimo vya gesi ambavyo hapa mjini wakati ule walikuwa navyo watu wawili, na goti la kushoto lililochoka ngazi. Wazee walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi tumeongeza herufi moja tu: marejeo ni Ngamiani. Karakana yangu iko kule, barabara ya kumi na mbili, na kuanzia Novemba mpaka Machi silali, maana na Tanga nayo imeanza kupenda viyoyozi.

Msimamizi ananionyesha saa. Namwona. Ni saa saba hiyo, saba yetu, na biriani naisikia harufu.

Mwenye mkataba wowote nyumbani, wake au wa binti yake, alete karakana Jumamosi. Yupo jamaa yangu aliyesoma Sudan atakuja, tutakaa naye mpaka Magharibi. Msilete pesa, leteni karatasi, na ziwe kurasa zote, hata ile ya mwisho yenye maandishi madogo.

Na zangu mbili, zimefika wapi? Ya Kiingereza naiona kwa mwalimu. Ya Kiarabu je? Aa, iko kwa mdogo wangu. Anaipiga picha.